Bustani ya burudani ya Universal huko Bedford: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa Waswahili tunaoishi Bedford, Luton, Milton Keynes na Northampton, pamoja na jamaa zetu walioko nyumbani Afrika Mashariki wanaozipata habari hizi kwa mbali na mara nyingi zikiwa zimeshatiwa chumvi. Maswali ni yale yale yanayorudi kila wiki baada ya ibada, saluni, na kwenye makundi ya WhatsApp. Majibu yanafuata yale yaliyotangazwa na serikali ya Uingereza na kampuni yenyewe. Pale ninapotoa maoni yangu, nimesema wazi kuwa ni yangu.

Ni kitu gani hasa kinachojengwa?

Ni bustani ya burudani ya Universal, kampuni ya Kimarekani iliyo chini ya Comcast, ambayo jina lake tayari liko kwenye bustani za Hollywood, Orlando, Osaka, Singapore na Beijing. Ukisikia bustani usifikirie maua na viti vya kupumzikia. Ni eneo kubwa lenye uzio ambamo hadithi za sinema zimejengwa kama mitaa ya kweli. Ndani kuna vigari vinavyokimbia juu ya reli, vinapanda taratibu na kushuka kwa kasi, kuna maonyesho, migahawa, maduka na mahali pa kulala. Mpango wa Bedford una hoteli ya vyumba 500, na nje ya geti eneo la maduka na migahawa.

Waziri Mkuu Keir Starmer aliutangaza mradi rasmi tarehe 9 Aprili 2025. Ufunguzi umepangwa mwaka 2031.

Ni wapi hasa? Bedford mjini au kijijini?

Kijijini. Mahali panaitwa Kempston Hardwick, kama kilomita tano kusini mwa mji wa Bedford. Ardhi ni ekari 476, yaani zaidi kidogo ya hekta 190, na imekaa katikati ya reli mbili: upande wa mashariki ile kubwa itokayo London St Pancras kwenda kaskazini, na upande wa magharibi ile ndogo ya Bedford hadi Bletchley. Majirani ni Stewartby, Wootton, Wixams, Elstow na Houghton Conquest. Ukishuka leo kwenye kituo cha Kempston Hardwick utakuta majukwaa mawili mafupi, kizuizi cha reli kwenye Manor Road, nyumba chache, na baada ya hapo nyasi na vichaka. Ni mahali ambapo watu wengi wa Bedford wenyewe hawajawahi kufika.

Mbona wameenda kujenga porini?

Kwa sababu pale si pori na wala si shamba la kawaida. Hapa naomba msomaji anivumilie, maana bila historia hii mradi hauelekei kueleweka.

Chini ya bonde hilo, linaloitwa Marston Vale, kuna udongo wa mfinyanzi wenye mabaki ya viumbe wa kale ndani yake. Ukiutia tanurini, udongo huo unashika moto na kujichoma wenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo makaa ya mawe yanayohitajika ni machache. Ndiyo maana tofali la hapa lilikuwa rahisi, na tofali rahisi likajenga mitaa mizima ya Uingereza katika karne ya 20. London Brick Company ilianza mwaka 1926 kujenga kijiji cha Stewartby kwa ajili ya wafanyakazi wake, na muda si mrefu kiwanda cha hapo kikasifika kuwa kikubwa kuliko vyote vya matofali duniani.

Ukichimba uani kwa nyumba ya zamani ya huku, utalikuta tofali lenyewe. Lina rangi ya waridi iliyofifia, lina mabaka pale matofali mengine yalipolilalia tanurini, na upande mmoja lina kishimo bapa ambamo herufi zimegandamizwa: LBC PHORPRES. LBC ni kifupi cha jina la kampuni, na PHORPRES inasomeka kama "four press" ya Kiingereza, kwa sababu udongo wake ulishindiliwa mara nne kwa mashine kabla ya kuchomwa.

Baada ya Vita vya Pili, Waingereza wengi hawakutaka tena kazi ile ya joto na vumbi. Makampuni ya matofali yakaenda kutafuta watu nje. Kuanzia mwaka 1951 wanaume kwa maelfu walitoka kusini mwa Italia wakiwa na mikataba mkononi, wakalala katika mabweni yaliyokuwa kambi za wafungwa wa vita. Kabla yao na baada yao walikuja watu wa Ulaya Mashariki waliopoteza makwao, Wahindi, Wapakistani na watu wa visiwa vya Karibea. Bedford unayoiona leo, yenye kanisa la Kiitaliano la Santa Francesca Cabrini na gurdwara za Masingasinga, ilitoka kwenye yale matanuri. Sisi tuliokuja juzijuzi tumekuta njia iliyokwisha kukanyagwa.

Uchomaji ulisimama mwaka 2008, kiwanda kiliposhindwa kutimiza masharti mapya ya moshi wa salfa. Dohani za mwisho za Stewartby ziliangushwa kwa baruti mwaka 2021. Yakabaki mashimo. Mengine yakajaa maji, mengine yakajazwa taka, nyingi zikiletwa kwa treni kutoka London. Na karibu na hapo, kwenye shimo la Rookery, sasa kuna mtambo mkubwa wa kuchoma taka.

Kwa mwekezaji, ardhi ya namna hiyo ni nadra: pana, tambarare, imeshachimbwa, haina wakulima mia wa kujadiliana nao mmoja mmoja, ina reli pande mbili, barabara kuu ya A421 iko karibu, na uwanja wa ndege wa Luton uko umbali mfupi kwa gari. Kwa maoni yangu, bonde lililobeba vumbi la nchi nzima kisha likabebeshwa taka zake linastahili kupata kitu ambacho watu watakuja kukifurahia. Lakini hilo halifuti madai ya majirani, na nitayafikia.

Kuna watu waliohamishwa kwa nguvu?

Swali hili linaulizwa sana na wenzetu walioona watu wakiondolewa kwa ajili ya mabwawa na barabara. Ardhi ya mradi ilinunuliwa kwa waliokuwa wakiimiliki, na ununuzi huo ulijulikana Desemba 2023, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mradi kutangazwa. Wenye mzigo ni wale wa jirani ambao nyumba zao hazikununuliwa. Watabaki pale pale, wakiwa na miaka kadhaa ya malori na baadaye wageni mamilioni.

Kibali kimeshatolewa?

Ndiyo, mwishoni mwa 2025. Ila njia iliyotumika si ya kawaida. Kwa kawaida mtu akitaka kujenga hapa, hata kibanda cha uani kikubwa, anapeleka maombi halmashauri, madiwani wanajadili, majirani wanaandika barua. Kwa Universal serikali kuu ilitumia amri maalum ya uendelezaji, chombo kilichomo kwenye sheria ya mipango miji ya mwaka 1990, ambacho kinampa waziri uamuzi moja kwa moja. Kampuni ilipeleka mpango wake katikati ya 2025, wizara ikakusanya maoni ya wananchi hadi mwisho wa Agosti, kisha ikaamua.

Faida yake ni kasi, na kampuni ilitaka jibu la haraka. Hasara yake ni kwamba diwani uliyempigia kura hakuwa na kura ya mwisho. Halmashauri ya Bedford iliunga mkono mradi tangu mwanzo, kwa hiyo huenda jibu lingekuwa hilo hilo. Hata hivyo mimi naona jambo kubwa kiasi hiki lilistahili kujadiliwa hadharani katika ukumbi wa mji, wenyeji wakiwa wameketi mbele.

Wenyeji wanaupenda?

Wengi, ndiyo. Maoni yaliyokusanywa na kampuni yenyewe yalionyesha hivyo, na ukizungumza na watu sokoni Bedford utasikia zaidi furaha kuliko hofu. Mji huu umeona maduka makubwa yakifungwa moja baada ya jingine, na vijana wakipanda treni ya asubuhi kwenda London. Ukiukaribia mradi, sauti inabadilika. Mtu wa Wixams au Wootton anauliza habari za foleni, kelele za usiku, na iwapo zahanati ambayo tayari inamchosha kupata miadi itaelemewa zaidi.

Ni watu wangapi watakuja?

Makadirio ni milioni 8.5 katika mwaka wa kwanza. Ukigawa kwa siku zote za mwaka ni zaidi ya watu 23,000 kwa siku, na siku za likizo za shule zitazidi sana hapo. Eneo lote la halmashauri ya Bedford lina watu takriban 185,000 kwa sensa ya 2021.

Barabara zitaweza kweli?

Zilivyo sasa, haziwezi, na serikali inalikubali hilo kwani imeahidi fedha za miundombinu kama sehemu ya makubaliano. Mambo makuu ni matatu.

Kwanza ni kituo cha treni cha Wixams, kwenye reli kubwa ya London. Watu walionunua nyumba Wixams waliahidiwa kituo tangu mji huo mpya ulipokuwa kwenye ramani, wakasubiri mwaka baada ya mwaka. Sasa kituo hicho kinatakiwa kuwa kikubwa kuliko ilivyokusudiwa ili kibebe wageni wa bustani. Pili ni kituo kipya karibu na Stewartby kwenye reli ya East West Rail, ile inayokusudiwa kuunganisha Oxford na Cambridge. Tatu ni njia za kuingilia kutoka A421, ambayo ndiyo inayotoka barabara kuu ya M1 kwenye makutano namba 13.

Anayetoka London leo anafika Bedford kwa treni ya haraka kutoka St Pancras kwa muda wa kama dakika 40, na kwa Thameslink, treni inayosimama vituo vingi, kama saa moja. Uwanja wa Luton nao ulipata kibali Aprili 2025 cha kupanuliwa hadi abiria milioni 32 kwa mwaka.

Linalonitia wasiwasi ni mpangilio wa wakati. Disneyland Paris, iliyojengwa kwenye mashamba ya ngano na viazisukari vya Marne-la-Vallée, ilifunguliwa Aprili 1992 ikiwa na treni ya mjini iliyofika mlangoni mwaka huo huo, na treni ya mwendo kasi ikafuata 1994. Wafaransa walihakikisha reli na geti vinakwenda pamoja. Kama Wixams itachelewa tena, gari za watu milioni kadhaa zitapita mbele ya shule za vijiji. Wakazi wana haki ya kuuliza tarehe ya kituo kila mara wanapoonyeshwa tarehe ya bustani.

Kutakuwa na kelele? Majengo yatakuwa marefu?

Mpango unaruhusu baadhi ya vitu kufika mita 115 kwenda juu. Kwa wanaoijua Nairobi, jengo la KICC lina mita 105. Katika bonde tambarare, kitu cha urefu huo kitaonekana kutoka mbali sana. Kibali kimekuja na masharti kuhusu kelele na mazingira, na masharti yana maana pale tu majirani wanapoyasoma na kuyadai. Wakazi wa jirani na Alton Towers, bustani kongwe ya Staffordshire, waliwahi kuifikisha mahakamani kwa ajili ya kelele, na mahakama iliwasikiliza.

Watatuwekea michezo gani?

Kampuni haijataja. Orodha unazoziona mtandaoni zenye majina ya sinema maarufu ni ubashiri wa mashabiki.

Haya, tuje kwenye kazi. Ziko ngapi?

Kampuni na serikali wanataja ajira 28,000 kwa jumla: 20,000 katika kipindi cha ujenzi na 8,000 bustani itakapofunguliwa. Wanasema pia kwamba asilimia 80 ya wafanyakazi wa bustani wanatarajiwa kutoka Bedford, Bedfordshire ya Kati, Luton na Milton Keynes.

Soma tarakimu hizo kwa utulivu. Zile 20,000 hazimaanishi watu elfu ishirini wamesimama kwenye tope siku moja. Zinahusu miaka yote ya ujenzi, na zinahesabu pia kazi zinazozaliwa kwa wauzaji wa vifaa na huduma. Zile 8,000 ndizo zitakazobaki, na ndani yake kuna kila aina: wapishi, walinzi, wafagiaji, wauza tiketi, wacheza ngoma, washonaji wa mavazi, mafundi umeme, wahasibu, wauguzi wa huduma ya kwanza. Nyingi zitakuwa za zamu na za msimu. Kima cha chini cha kisheria kwa aliyefikisha miaka 21 ni pauni 12.71 kwa saa kuanzia Aprili 2026, na anayeanza kazi ya mlangoni au jikoni ajiandae kuanzia karibu na hapo.

Nawezaje kupata kazi ya ujenzi?

Utaajiriwa na mkandarasi, si na Universal. Wakandarasi wakubwa hugawa kazi kwa wadogo, na wadogo ndio wanaochukua mafundi na vibarua. Karibu kila eneo la ujenzi hapa litakudai kadi ya CSCS, yaani kitambulisho cha mfanyakazi wa ujenzi kinachoonyesha daraja la ujuzi wake, na ili uipate lazima ufaulu mtihani wa afya na usalama unaofanywa kwa kompyuta. Kwa kibarua kuna kozi fupi ya usalama juu yake. Fundi aliyejifunzia Mombasa au Mwanza na ana mikono mizuri bila karatasi atawekwa kwenye daraja la kibarua, na hilo linauma. Njia ni kutathminiwa ukiwa kazini ili upate NVQ, cheti cha ufundi kinachotambulika hapa. Ulizia hilo chuoni Bedford mapema, kabla foleni haijawa ndefu.

Niko Dar es Salaam. Wataniletea viza?

Kwa kazi za kawaida za bustani, hapana. Tangu tarehe 22 Julai 2025 viza ya kazi ya ujuzi kwa ujumla inadai kazi ya kiwango cha shahada na mshahara usiopungua pauni 41,700 kwa mwaka, au zaidi kama kiwango cha kazi yenyewe kiko juu. Mwuza tiketi, mpishi wa chipsi, mfagiaji na mlinzi hawafiki hapo. Mhandisi wa majengo, mbunifu au mtaalamu wa mifumo anaweza kufika, na hata yeye lazima mwajiri awe kwenye orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini viza. Orodha hiyo iko wazi kwenye tovuti ya serikali na kuisoma ni bure.

Ambaye tayari yuko Uingereza aangalie karatasi zake. Mwenza wa mwenye viza ya kazi kwa kawaida anaruhusiwa kufanya karibu kazi yoyote. Mwanafunzi wa shahada kwa kawaida ana saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Anayesubiri uamuzi wa ukimbizi haruhusiwi kufanya kazi mpaka apewe ruhusa maalum.

Kuna wakala anasema ana nafasi za Universal, anataka kianzio. Nimpe?

Usimpe hata senti moja.

Hili ndilo swali lililonifanya niandike ukurasa huu. Bustani inafunguliwa 2031, hivyo anayesema leo ana nafasi ya kazi ya hoteli au geti amejitungia. Zaidi ya hapo, sheria ya Uingereza ya mawakala wa ajira ya mwaka 1973 inakataza wakala kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi. Anayelipa ni mwajiri. Kwa hiyo mtu akikudai "ada ya usajili", "ada ya kushika nafasi" au "pesa ya faili", ameshakuambia yeye ni nani.

Tuangalie pia wakati tuliomo. Julai 2025 serikali ilifunga viza ya watunza wazee kwa waombaji wapya walioko nje ya nchi. Kwa miaka michache kabla ya hapo, familia nyingi za Kenya, Tanzania na Uganda ziliuza kiwanja au zilichanga ukoo mzima ili kijana mmoja aje kutunza wazee, na wengine walifika wakakuta hakuna saa za kazi, hakuna makazi, na deni linasubiri nyumbani. Wakala aliyekuwa akiuza mlango ule anahitaji jina jipya la kuuza. Universal ni jina linalong'aa, kila mtu ameliona mwanzoni mwa sinema. Barua yenye dunia inayozunguka na maneno Universal Bedford inatengenezwa kwenye simu kwa dakika tano.

Ukiletewa barua ya namna hiyo, itafute kazi yenyewe kwenye tovuti ya ajira ya kampuni, kwa kuandika anwani mwenyewe badala ya kubonyeza kiungo ulichotumiwa. Mwulize aliyekuletea jina la mwajiri aliye kwenye orodha ya wadhamini. Na kama mzazi nyumbani ameshaanza kutafuta mnunuzi wa shamba, mpigie simu leo. Mweleze kwa upole, maana anafanya hivyo kwa mapenzi, ila mzuie.

Kodi ya nyumba itapanda?

Kuna kila dalili. Maelfu ya wafanyakazi wa ujenzi watahitaji vyumba kabla ya wageni wa kwanza kufika, na nyumba mpya hazichipuki haraka. Wenye nyumba na madalali wanasoma magazeti kama sisi.

Lakini mpangaji wa sasa ana ngao ambayo hakuwa nayo zamani. Sheria mpya ya haki za wapangaji ya England, iliyopitishwa Oktoba 2025, inaanza kutumika kwa wapangaji binafsi tarehe 1 Mei 2026. Inaondoa ile notisi ya kukutoa bila kutaja sababu. Kodi inaweza kupandishwa mara moja tu kwa mwaka, kwa notisi ya maandishi ya miezi miwili, na ukiona imezidi bei ya soko unaweza kupeleka malalamiko kwenye baraza la kisheria (tribunal). Dalali haruhusiwi kuwashindanisha wapangaji ili anayetoa juu zaidi ya bei iliyotangazwa ndiye apewe. Akikuambia "kuna mwenzako ametoa mia zaidi", anavunja sheria. Hifadhi ujumbe huo.

Anayefikiria kununua nyumba Wixams au Stewartby kwa sababu ya bustani peke yake, namshauri anunue nyumba ambayo angefurahi kuishi hata kama bustani isingekuwapo.

Mimi nina biashara ndogo ya chakula. Nina nafasi?

Ndani ya geti, ni vigumu. Migahawa ya bustani kama hizi huendeshwa na kampuni yenyewe au majina makubwa. Nafasi iko nje, na inaanza na ujenzi: watu wanaoamka alfajiri wanataka chai nzito na kitu cha moto, na sambusa, mandazi na chapati za kujaza mayai havihitaji utangulizi kwa mtu mwenye njaa. Anayepika kwa ajili ya kuuza, hata kama ni jikoni kwake, anatakiwa kujisajili halmashauri siku 28 kabla ya kuanza. Usajili ni bure. Mkaguzi wa usafi atakuja, na alama yake ya hadi tano ndiyo mteja mkubwa atakayoiuliza kwanza. Kwa teksi, leseni ni ya halmashauri pia, ya dereva na ya gari, nayo inachukua muda.

Mradi unaweza kufa kabla ya kuanza?

Uingereza imeshaona hilo. Kule Swanscombe, Kent, palitangazwa mwaka 2012 mpango wa bustani kubwa iliyokuja kuitwa London Resort. Miaka ikapita kwa michoro na mikutano. Mwaka 2021 ardhi yake iliwekwa chini ya ulinzi wa uhai asilia, sababu mojawapo ikiwa buibui mdogo mrukaji asiyepatikana karibu popote pengine nchini, na mwaka 2022 maombi ya kibali yakaondolewa.

Bedford ni tofauti kwa mambo mazito: mwenye mradi ni kampuni inayoendesha bustani tayari, ardhi ni yake, kibali kipo, na serikali imeweka jina lake. Universal ilifungua bustani nyingine kubwa Orlando, Epic Universe, Mei 2025, kwa hiyo uwezo wa kujenga wanao. Kuchelewa ndiyo hatari ninayoiona zaidi, hasa kwenye reli.

Nina mtoto wa miaka 14. Nimwambie nini?

Mwaka 2031 atakuwa na miaka 19. Hakuna kundi ambalo mradi huu unalihusu zaidi kuliko hilo, na wazazi wetu wengi hatujaanza kulifikiria.

Kazi zitakazolipa vizuri kwenye bustani si zile za kuvaa kinyago na kupungia watu mkono, ingawa nazo ni kazi halali. Ni zile za kuhakikisha vigari havikwami juu ya reli. Kila alfajiri, kabla ya mgeni wa kwanza, mafundi wanakagua breki, vitambuzi, mitambo ya maji na nyaya za umeme, wanatia sahihi, na bila sahihi hiyo mashine haiwashwi. Hao ni mafundi umeme, mafundi mitambo, watu wa programu za kuendesha mashine. Njia yao hapa ni uanagenzi, ambapo kijana anasoma na kulipwa kwa pamoja, au masomo ya ufundi ya T Level akishamaliza GCSE, mitihani inayofanywa akiwa na miaka kama 16. Hisabati ndiyo mlango. Kijana mwenye Hisabati na Kiingereza kwa daraja la 4 au zaidi anaweza kuingia karibu kozi zote hizo.

Kwa familia iliyohamia hivi karibuni kuna jambo moja la kuangalia mapema: fedha za serikali za uanagenzi kwa kawaida zinamtaka kijana awe ameishi nchini miaka mitatu, na viza yake imruhusu kufanya kazi. Anayefika leo akiwa na miaka 14 atatimiza muda huo akiwa na miaka 17, yaani baada ya mitihani ya GCSE. Siku ya wazi ya chuo cha Bedford nenda naye, mpitishe kwenye karakana za umeme na mitambo kabla ya kumpeleka kwenye meza ya biashara, na mwulize mwalimu ni waajiri gani wanaochukua wanagenzi kutoka hapo kila mwaka.

Tiketi zinauzwa wapi?

Bado hazijaanza kuuzwa, na bei haijatangazwa.